Ligi zilizozuka na kuzimika: Wanawake waliolipwa kucheza besiboli na softiboli

WANAWAKE wa Marekani walianza kulipwa kwa kucheza besiboli kabla ya karne ya 20 kuingia, zaidi ya miongo miwili kabla ya katiba ya nchi hiyo kuwahakikishia haki ya kupiga kura mnamo 1920. Hata hivyo, ligi ya mwisho ya besiboli ya wanawake wa kulipwa kudumu zaidi ya misimu miwili nchini humo ilifungwa 1954. Kati ya miaka hiyo na leo kumekuwa na mikataba iliyofutwa, timu zilizohamahama na ligi zilizofungwa pindi mwenye fedha alipochoka. Wachezaji hawakukosekana wakati wowote, na mara nyingi hata mashabiki walikuwapo.

Kwa msomaji aliyelelewa na kandanda, besiboli ni jamaa wa karibu wa raundaz ambayo wasichana wengi wa Kenya huicheza shuleni. Mrushaji humrushia mpigaji mpira, naye hujaribu kuupiga kwa kigongo kisha akimbie kupitia vituo vitatu hadi arejee nyumbani. Akikosea mara tatu hutolewa. Softiboli ni mchezo huo huo uliopunguziwa uwanja. Mzingo wa mpira wake ni takriban sentimita 30, ilhali ule wa besiboli ni kama sentimita 23. Aidha, mrushaji husimama karibu zaidi na mpigaji na hurusha kwa mkono unaopita chini ya kiuno. Jina lake linamaanisha mpira laini, lakini aliyewahi kugongwa nao hawezi kukubali.

Jambo linalosahaulika na wengi ni kwamba softiboli haikubuniwa kwa ajili ya wanawake. Ilianzishwa na wanaume jijini Chicago mnamo Novemba 1887, George Hancock akiwa kinara wao, ili wapate mchezo wa kucheza ndani ya jumba wakati wa baridi. Ilichukua miongo kadhaa kabla haijageuzwa kuwa mchezo wa wasichana, na mgeuko huo ndio uliokuja kuamua hatima ya wanawake waliotaka besiboli.

Suruali za Bloomer

Wanafunzi wa chuo cha wanawake cha Vassar, jimboni New York, walikuwa na vilabu vya besiboli tangu 1866. Hao walicheza kwa kujiburudisha. Fedha ziliingia katika miaka ya 1890, wakati timu zilizojulikana kama Bloomer Girls zilipoanza kuzunguka nchi kwa treni zikiwapa changamoto wanaume wa kila mji. Jina lilitokana na suruali pana zilizohusishwa na Amelia Bloomer, mtetezi wa haki za wanawake. Hapakuwa na ligi wala jedwali la alama. Kiingilio kilikusanywa langoni, kikagawanywa, na kesho yake safari ikaendelea.

Timu hizo hazikuwa za wanawake watupu. Nyingi zilikuwa na mwanamume mmoja au wawili, wengine wakivalia nywele bandia. Smoky Joe Wood, aliyekuja kuwa mrushaji mashuhuri wa Boston Red Sox, alianza kulipwa akiwa kijana katika timu ya aina hiyo mnamo 1906. Ni kejeli ya historia kwamba mvulana aliitumia timu ya wasichana kama ngazi ya kupandia ligi kuu, nao wasichana wenyewe wakabaki chini wakiishikilia.

Wapo waliojaribu kuipanda. Mnamo Julai 1898, Lizzie Arlington aliirushia mpira timu ya Reading, jimboni Pennsylvania, katika mechi ya ligi ya wanaume, japo kwa awamu moja tu. Alta Weiss wa Ohio alianza kurushia timu ya wanaume ya Vermilion mnamo 1907 akiwa bado kijana, na mapato yake yakamsaidia kusomea udaktari. Alihitimu na kufanya kazi hiyo. Naye Lizzie Murphy wa Rhode Island, aliyecheza kwa miaka mingi na timu za wanaume, husimuliwa kuwa alijifunza mapema namna ya kudai haki yake: baada ya kunyimwa malipo katika mechi moja iliyojaza mashabiki, alikataa kupanda gari la timu kwenda mechi iliyofuata hadi makubaliano ya malipo yafikiwe. Mnamo 1922 alicheza katika uwanja wa Fenway Park, Boston, katika mechi ya hisani dhidi ya Red Sox.

Binti aliyemtoa Babe Ruth

Aprili 2, 1931, katika mji wa Chattanooga, Tennessee, msichana wa miaka 17 aitwaye Jackie Mitchell aliingizwa uwanjani katika awamu ya kwanza ya mechi ya kirafiki dhidi ya New York Yankees. Wa kwanza kumkabili alikuwa Babe Ruth, mpigaji aliyetikisa Marekani nzima. Mitchell alimtoa. Akafuata Lou Gehrig, naye akatolewa. Mpigaji wa tatu alipewa kituo cha kwanza bila kupiga, na hapo binti huyo akaondolewa. Yankees walishinda 14-4.

Mjadala kuhusu siku hiyo haujaisha. Mmiliki wa timu ya Chattanooga, Joe Engel, alikuwa mtu wa vituko, na mechi yenyewe ilikuwa ipigwe Aprili Mosi, siku ya wajinga, kabla ya mvua kuiahirisha. Kwa hivyo wapo wanaoshikilia kuwa Ruth na Gehrig walifanya maigizo. Wengine hukumbusha kwamba Mitchell alifundishwa akiwa mtoto na Dazzy Vance, mmoja wa warushaji bora wa zama zake, na kwamba mpira wake wa mkono wa kushoto ulikuwa na mshuko wa ghafla uliowatatiza wapigaji ambao hawajauona. Imeandikwa mara nyingi kuwa kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliufuta mkataba wake kwa hoja kwamba mchezo huo ni mzito kwa mwanamke. Watafiti walioisaka amri hiyo hawajaipata. Lililo wazi ni kwamba Mitchell hakupata nafasi tena katika ligi rasmi, akabaki na timu za kuzunguka hadi alipostaafu 1937.

Amri iliyoandikwa ilikuja baadaye. Mnamo Juni 1952, klabu ya Harrisburg huko Pennsylvania ilimsajili Eleanor Engle, karani aliyekuwa mahiri katika softiboli. Alifanya mazoezi na timu lakini hakuchezeshwa hata mara moja. Katika muda wa siku chache, George Trautman, aliyesimamia ligi ndogo za wanaume, alitangaza kuwa mikataba ya wanawake haitatambuliwa na kwamba klabu itakayojaribu itaadhibiwa.

Ligi ya Wrigley

Kati ya visa hivyo viwili kulizuka ligi kubwa kuliko zote. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimewachukua vijana wengi, ligi ndogo nyingi zikafungwa, na wamiliki wakahofia viwanja vya ligi kuu navyo vitabaki tupu. Philip Wrigley, tajiri wa kutengeneza chingamu na mmiliki wa Chicago Cubs, alianzisha ligi ya wanawake mnamo 1943. Timu nne za kwanza zilitoka miji ya viwanda ya kando ya Ziwa Michigan na maeneo jirani: Racine Belles na Kenosha Comets za Wisconsin, Rockford Peaches ya Illinois na South Bend Blue Sox ya Indiana. Racine ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza.

Mchezaji alilipwa kati ya dola 45 na 85 kwa wiki, kiasi ambacho wanawake wengi wa viwandani hawakukipata. Wengi wao walikuwa wasichana wa mashambani na mitaa ya wafanyakazi, baadhi wakitoka Kanada na, baadaye, Cuba. Mshahara huo uliwajengea wazazi nyumba na kuwapeleka wengine vyuoni.

Lakini ulikuwa na masharti. Wachezaji walivaa sketi fupi, jambo lililowachubua mapaja kila walipoteleza kukimbilia kituo. Katika misimu ya mwanzo walipelekwa kwenye mafunzo ya adabu na urembo yaliyoendeshwa na kampuni ya vipodozi ya Helena Rubinstein. Nywele fupi zilikatazwa, kuvuta sigara na kunywa pombe hadharani vikawa makosa, na kila timu ilisafiri na mama mlezi wa kuwachunga. Wrigley aliamini kuwa mashabiki wangelipia kuona wanawake wacheze kama wanaume alimradi wasifanane nao. Isitoshe, mwanzoni mikataba ilikuwa mali ya ligi wala si ya klabu, na ofisi kuu iliweza kumhamisha mchezaji kutoka mji mmoja hadi mwingine ili kusawazisha ushindani.

Mchezo wenyewe uliwashinda nguvu waliouchora. Ligi ilianza ikiwa karibu softiboli tupu: mpira mkubwa na urushaji wa chini. Mwaka baada ya mwaka mpira ukapunguzwa, vituo vikasogezwa mbali, urushaji wa ubavuni ukaruhusiwa, na kufikia 1948 warushaji walirusha kutoka juu ya bega kama wanaume. Msimu wa mwisho ulichezwa kwa mpira wa ukubwa wa besiboli ya kawaida. Chicago kwenyewe kulikuwa na ligi pinzani, iliyodumu kuanzia 1944 hadi 1954, iliyojiita ya besiboli ilhali ilicheza softiboli hadi mwisho. Majina katika historia hii si ya kuaminiwa sana.

Ustadi ulikuwapo. Sophie Kurys wa Racine aliiba vituo 201 katika msimu wa 1946, idadi ambayo hakuna mchezaji wa ligi kuu ya wanaume aliyeikaribia katika karne ya 20 wala ya 21. Jean Faut wa South Bend alirusha mechi mbili ambazo hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Dottie Kamenshek wa Rockford alitakiwa na klabu ya wanaume ya Fort Lauderdale mwaka 1950 akakataa, akiona ni njama ya kujaza viti tu. Mnamo 1948 ligi ilikuwa na timu 10, na zaidi ya mashabiki 900,000 walipita langoni.

Anguko lilikuwa la haraka. Wrigley alikuwa amejitoa mapema, baada ya msimu wa 1944, pale alipoona ligi ya wanaume haitakufa. Matangazo ya kitaifa yalipunguzwa kila klabu ilipoanza kujitegemea, televisheni ikawaweka watu nyumbani, na wanaume walikuwa wamerudi kutoka vitani. Timu tano pekee zilimaliza msimu wa 1954. Zaidi ya wanawake 600 walikuwa wamecheza katika miaka hiyo 12, na wengi hawakuwasimulia hata watoto wao mpaka makavazi ya besiboli ya Cooperstown yalipofungua maonyesho kuwahusu mnamo Novemba 1988. Filamu ya 1992, A League of Their Own, iliyoongozwa na Penny Marshall, ndiyo iliyowafanya kujulikana duniani.

Waliofungiwa nje

Miongoni mwa wanawake hao 600 hapakuwa na Mmarekani mweusi. Mamie Johnson alikwenda kujaribiwa huko Alexandria, Virginia, akafukuzwa hata kabla ya kupewa mpira kwa sababu ya rangi yake. Mlango aliofunguliwa ulikuwa wa ligi za wanaume weusi, na sababu za kufunguliwa kwake zilikuwa chungu. Baada ya Jackie Robinson kuingia ligi kuu mnamo 1947, vilabu vya wazungu viliwachukua nyota weusi, mashabiki wakawafuata, nazo ligi za weusi zikaanza kufilisika. Syd Pollock, mmiliki wa Indianapolis Clowns, alihitaji kivutio kipya.

Alimpata Toni Stone, aliyesajiliwa 1953 kucheza kituo cha pili. Klabu hiyo ilikuwa imemuuza kijana wake Hank Aaron kwa Boston Braves mwaka mmoja tu kabla. Stone alitakiwa avae sketi kama wachezaji wa ligi ya Wrigley. Alikataa, akavaa sare ya wanaume. Alitukanwa na baadhi ya mashabiki na hata wenzake, na wapinzani walimkanyaga kwa njumu zenye meno walipomkuta kituoni. Johnson alijiunga na Clowns mwaka huo huo akiwa mrushaji, na Connie Morgan akaingia 1954 baada ya Stone kuuzwa kwa Kansas City Monarchs. Hao watatu ndio wanawake waliocheza mfululizo katika ligi za weusi. Stone na Johnson walimalizia maisha yao ya kazi katika uuguzi.

Softiboli yageuzwa ua

Mnamo 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Mwaka huo huo msichana Maria Pepe aliondolewa katika timu ya watoto ya Hoboken, New Jersey, baada ya mechi tatu, kwa kuwa kanuni za Little League ziliwakataza wasichana. Kesi iliyofuata ilimpa haki, na 1974 shirika hilo likawafungulia wasichana mlango. Pepe alikuwa ameshapita umri.

Katika mwaka huo huo wa 1974, Little League ilianzisha kitengo cha softiboli kwa wasichana. Shule na vyuo vilifuata mkondo uo huo: wavulana besiboli, wasichana softiboli, na sheria ikahesabiwa kuwa imetimizwa. Matokeo yake yana pande mbili. Softiboli ya vyuo ilinawiri na kuwalipia karo maelfu ya wanawake. Besiboli ikawa ua lenye kufuli, kwani msichana aliyeipenda aliambiwa kila mara kwamba ana mchezo wake.

Tatizo la wana softiboli lilikuwa kazi baada ya chuo. Billie Jean King, bingwa wa tenisi, alishirikiana na Dennis Murphy na Joan Joyce kuanzisha ligi ya kulipwa iliyoanza 1976 ikiwa na timu 10. Joyce, ambaye mnamo 1961 alimtoa Ted Williams katika mechi ya maonyesho huko Waterbury, Connecticut, aliiongoza Connecticut Falcons kutwaa mataji yote manne. Hapakuwa na taji la tano kwa kuwa ligi ilikwisha 1979. Nyingine ilianza 1997 ikasimama 2001, ikafufuliwa kama National Pro Fastpitch mnamo 2004 na kuvunjwa rasmi 2021.

Mnamo 2016 magazeti yaliandika kuwa mrushaji Monica Abbott amepewa mkataba wa dola milioni moja kwa miaka sita na klabu ya Scrap Yard Dawgs ya Texas. Ukweli ulikuwa na kona zake. Mishahara ya timu nzima katika ligi hiyo haikuruhusiwa kuzidi dola 150,000 kwa msimu, kwa hivyo Abbott alihakikishiwa dola 20,000 tu kwa mwaka. Zilizobaki zilitegemea idadi ya mashabiki watakaojitokeza.

Besiboli nayo ilijaribiwa upya. Colorado Silver Bullets, timu ya wanawake iliyofadhiliwa na kampuni ya bia ya Coors na kufunzwa na Phil Niekro, ilizunguka ikicheza na wanaume kuanzia 1994. Ilishinda mechi 6 na kupoteza 38 msimu wa kwanza. Kufikia 1997 ilikuwa imeshinda 23 na kupoteza 22, na hapo, ilipokuwa imeiva, mdhamini akajiondoa. Mwaka huo Ila Borders, mrushaji wa mkono wa kushoto, alianza kucheza katika ligi huru ya wanaume. Julai 1998, akiwa na Duluth-Superior Dukes, alipata ushindi wake wa kwanza. Aliacha mchezo mwaka 2000.

Njia ya Japani

Japani ilijibu swali la riziki kwa namna tofauti. Kampuni kubwa kama Toyota na Hitachi humiliki timu za softiboli, na wachezaji wengi huwa waajiriwa wao. Ndiyo maana Abbott mwenyewe alicheza huko kwa miaka mingi. Mfumo huo ulimlea Yukiko Ueno, aliyerusha mara 413 katika mechi tatu kwa siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 na kuipokonya Marekani dhahabu. Softiboli iliondolewa katika Olimpiki baada ya hapo, ikarejea kwa michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na Japani ikaishinda Marekani tena, 2-0. Imepangwa kuwapo tena Los Angeles 2028.

Katika besiboli, Japani ilikuwa na ligi ya wanawake wa kulipwa kuanzia msimu wa 2010, ikitegemea kwa kiasi kikubwa kampuni moja. Ilisitishwa rasmi 2021. Hata hivyo timu ya taifa ilitwaa Kombe la Dunia mara saba mfululizo kutoka 2008 hadi 2024, na vilabu vikuu vya wanaume kama Seibu, Hanshin na Yomiuri vimeunda timu za wanawake.

Mwaka 2025 ulileta mambo mengi kwa pamoja. Ligi ya softiboli ya Athletes Unlimited, ambayo tangu 2020 ilichezwa bila timu za kudumu, ilianza msimu wa timu nne chini ya kamishna Kim Ng, na ligi kuu ya besiboli ya wanaume ikawekeza fedha ndani yake. Talons walikuwa mabingwa wa kwanza. Agosti 9, Jen Pawol akawa mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya msimu wa kawaida katika ligi kuu ya wanaume. Mwezi huo huo wanawake zaidi ya 600 walifika Washington kujaribiwa kwa ajili ya ligi mpya ya besiboli iliyoasisiwa na Justine Siegal na Keith Stein. Novemba, timu za Boston, Los Angeles, New York na San Francisco ziligawana wachezaji. San Francisco ilimchagua kwanza Kelsie Whitmore, aliyewahi kucheza na wanaume katika ligi huru, na Los Angeles ikamchukua mrushaji wa Japani, Ayami Sato.

Licha ya majina hayo ya miji mikubwa, msimu wa kwanza, uliopangiwa Agosti 2026, uliwekwa wote katika uwanja mmoja mjini Springfield, Illinois. Mji huo ulikuwa na timu katika ligi ya Wrigley, Springfield Sallies, mnamo 1948. Ilimaliza msimu mmoja tu kabla ya kupoteza makao yake na kugeuzwa timu ya kuzunguka.